Baba Alizaliwa Mji Ambao Kompyuta Haiujui

"Albertville ipi?" aliuliza yule dada wa dirishani, macho yake bado kwenye kompyuta. "Hapa naona ya Alabama, ya Minnesota na ya Ufaransa."

Baba alikuwa amekaa kando yangu, kofia mapajani, kama anavyokaa kanisani. Kiingereza chake ni cha kusalimiana na kununua mkate, lakini jina la mji aliozaliwa alilisikia. Akanisogelea.

"Mama, mwambie ile ya ziwani."

Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikamwambia yule dada. Ile ya ziwani haikuwamo.

Kadi ya ubatizo ya baba imevuka Ziwa Tanganyika ndani ya mfuko wa nailoni, ikalala miaka mingi chini ya godoro katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na bado inasomeka: amezaliwa Albertville, mwaka 1957. Karatasi za ukimbizi zinasema Kalemie. Kwa macho ya ofisi, hao ni watu wawili, au ni mtu mmoja anayedanganya. Yule dada hakutuonea, hata maji alimletea baba. Ila kazi yake ilimtaka apate maelezo kwa maandishi. Twende tukaandike barua, tueleze imekuwaje mtu mmoja akawa na miji miwili ya kuzaliwa.

Mimi ni mkalimani. Kutwa nzima nahamisha maneno ya watu kati ya Kiswahili na Kiingereza, hospitalini, shuleni, mahakamani. Barua kama ile ni kazi ya nusu saa.

Ilinichukua wiki sita.

## Lui-vil

Tulikuwa tunarudi nyumbani, baba akalisoma kwa sauti jina la mji wetu, Louisville, jimbo la Kentucky huku Marekani, kwenye kibao cha kijani juu ya barabara kuu, kama alivyofundishwa shule ya misheni: "Lui-vil."

Hapa hakuna anayesema hivyo. Wenyeji husema Luavul, na wengine hulimeza zaidi mpaka kinachotoka ni kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Sisi Wakongo tukifika na Kifaransa chetu cha shule hulitamka karibu kabisa na vile mwenye jina alivyokuwa akiitwa, na kila mtu hutusahihisha. Mimi nilisahihishwa wiki yangu ya kwanza kazini. Nikajifunza kulitafuna.

"Huyu Louis alikuwa nani?" baba akauliza.

"Mfalme wa Ufaransa. Louis wa 16."

"Alikaa hapa?"

"Hakuwahi kufika, Papa."

Akanyamaza mpaka tukapita taa mbili. Kisha akasema taratibu, uso wake dirishani:

"Basi nilizaliwa kwa mfalme, na nitazikwa kwa mfalme."

Miaka 11 nimeishi Louisville. Habari ya mfalme Louis niliijua kama ninavyojua rangi ya mlango wangu, yaani bila kuitazama. Usiku ule nilifungua kompyuta ili niandike barua ya Kalemie, nikajikuta nasoma habari za mji ninaolala.

## Kisiwa cha mahindi

Mji huu ulianzia mahali ambapo leo hapaonekani. Mei 1778, George Rogers Clark, kijana wa Virginia mwenye miaka 25, aliteremka Mto Ohio na askari wake pamoja na familia chache, akapiga kambi kwenye kisiwa kidogo penye Maporomoko ya Ohio. Usiwaze maporomoko ya kutisha. Ni miamba mipana, mto unashuka mita 8 hivi katika mwendo wa kilomita 3. Lakini kwa watu wa majahazi ilitosha. Kutoka Pittsburgh hadi Ohio inapoingia Mississippi, hapo tu ndipo mwamba ulipowazuia njia. Mizigo ikashushwa, ikabebwa nchi kavu, ikapakiwa upya chini. Na penye kushusha mizigo hapakosi mchukuzi, mwenye ghala, na mama wa kupika.

Zile familia zikalima mahindi. Kisiwa kikaitwa Kisiwa cha Mahindi.

Clark akaendelea magharibi kupigana na Waingereza, nao waliobaki wakahamia ukingoni. Kisiwa kikachimbwa mawe ya kutengenezea saruji, na mabaki yake yakafunikwa na maji ya bwawa. Nimesimama pale mara nyingi nikikitafuta. Ni maji matupu.

Nalipenda sana jina lile la kwanza. Watu walitazama kilichokuwa mbele yao, wakakitaja.

Jina la mfalme lilitoka mbali. Februari 1778 Ufaransa ilikuwa imetia saini mkataba wa kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza. Mwaka 1780 Bunge la Virginia, ambalo wakati huo ndilo lililotawala Kentucky, likapitisha sheria ya kuanzisha mji pale kwenye maporomoko na kuupa jina la Louis. Ardhi yenyewe ilikuwa ya John Connolly, aliyebaki upande wa Uingereza, kwa hiyo ikachukuliwa na serikali. Nilipofika hapo niliweka kikombe chini. Mtu ananyang'anywa shamba kwa kosa la kumtii mfalme, kisha shamba hilohilo linapewa jina la mfalme mwingine.

Tena vita vilikuwa havijaisha. Ushindi wa Yorktown, ambao merikebu za Wafaransa zilichangia sana, ulikuja 1781. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba jina lile lilikuwa shukrani tu. Lilikuwa na ombi ndani yake. Ni kama mtu aliye kwenye ugomvi anayempa mtoto wake jina la jirani mwenye bunduki.

Waliokuwa wakiwinda nchi hiyo, Washawnee na wengine, hawakuulizwa. Mto tu ndio uliobaki na jina la wenyewe: Ohio, neno la Waseneca, mto mzuri. Ng'ambo ya mto, upande wa Indiana, ipo miji miwili inayoitazama Louisville: Jeffersonville, kwa Thomas Jefferson, na Clarksville, kwa yule yule Clark. Mfalme, mkubwa wa siasa na askari wanatazamana, wote wamebeba ile "ville" yao.

Hiyo "ville" naijua. Nimekua nikisimuliwa.

## Rasimu ya kwanza

Léopoldville, Stanleyville, Élisabethville, Coquilhatville, Costermansville, Albertville. Ukitaja majina hayo mbele ya wazee wa Kongo, utaona nyuso zikibadilika.

Rasimu yangu ya kwanza niliiandika kwa majivuno. Nilieleza kwamba Wabelgiji walipachika majina ya wafalme wao, malkia wao na maofisa wao juu ya nchi ya watu, na kwamba tulipopata uwezo tuliyang'oa. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikachukua jina la mto wake, Lubumbashi. Albertville nayo ikawa Kalemie. Nilitaka yule dada wa dirishani, raia wa mji wa Louis, asome hayo. Nilitaka ajiulize kwa nini wao, waliomkimbiza mfalme wa Uingereza kwa mizinga, wamebaki na wa Ufaransa. Wafaransa wenyewe walimkata Louis kichwa Januari 1793. Louisville ilikuwa na miaka 13 tu, na haikubadilisha kitu.

Nikamsomea baba kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea afurahi.

"Hiyo 'tuliyang'oa'," akasema, "wewe ulikuwapo?"

## Joseph

Mwaka 1972 baba alikuwa na miaka 15, kidato cha tatu. Mobutu alikuwa ameshaibadilisha nchi kuwa Zaire, sasa akageukia watu. Majina ya Kizungu yakapigwa marufuku. Mwenyewe alikuwa Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko.

Baba naye aliitwa Joseph.

"Mwalimu mkuu aliingia na daftari," alinisimulia. "Kila mwenye jina la ubatizo alisimama. Darasa zima lilisimama. Tukapewa siku tatu tulete majina ya mababu." Akaleta la babu yake, jina zuri, ndilo analolitumia hadi leo, na mimi nalibeba. Analipenda. Lakini kuna jambo hakuwahi kuniambia mpaka jioni ile.

"Joseph sikupewa na Mbelgiji. Nilipewa na mama yangu. Alikuwa amepoteza watoto wawili kabla yangu, akaweka nadhiri. Wale waliokuja na daftari hawakumuuliza."

Akakunja kadi yake ya ubatizo kwa mikunjo ileile ya zamani.

"Léopold alikuwa mfalme. Mimi nilikuwa mtoto wa mvuvi. Tulifutwa kwa kifutio kimoja."

Niliichana rasimu. Siku kadhaa sikuandika lolote. Tangu utotoni nilikuwa nimeshika jambo moja bila kulichunguza, kwamba jina la mkoloni likiondoka, la wenyewe linarudi. Na mara nyingi ndivyo ilivyo, Lubumbashi ni Lubumbashi. Lakini aliyeamua majina yarudi alikuwa mtu mmoja juu kabisa, kama Léopold alivyokuwa mtu mmoja juu kabisa, na mwanamke aliyeweka nadhiri hakuwamo kwenye hesabu ya yeyote kati yao.

## Alfajiri ile

Huwezi kuishi Louisville ukaongea habari za majina usimtaje mtoto wake mkubwa.

Alizaliwa hapa Januari 1942, akaitwa Cassius Marcellus Clay, kama baba yake. Mwaka 1964, akiwa bingwa wa dunia wa ndondi, akatangaza kwamba lile ni jina la utumwa na kwamba yeye sasa ni Muhammad Ali. Kwa miaka kadhaa magazeti mengi ya Marekani yaliendelea kumwita Clay.

Baba alimjua kama Ali tangu mwanzo. Oktoba 30, 1974, alikuwa na miaka 17, wamezunguka redio ya jirani Kalemie. Kinshasa pambano lilianza saa 10 usiku, kwao mashariki ni saa 11 alfajiri, wavuvi wanarudi. Raundi ya 8 mpinzani wake, George Foreman, akaanguka. Baba anasema mtaa mzima uliitikia kwa Kilingala, hata wasiojua Kilingala: Ali boma ye, yaani Ali, muue. Hadi leo akilisema, mkono wake wa kulia unajikunja wenyewe.

Basi nikadhani nimepata mfano wangu. Mtu anayejivua jina mwenyewe, bila mwalimu mkuu, bila daftari. Nikaanza rasimu ya pili.

Halafu nikakutana na Clay wa kwanza. Alikuwa mzungu wa hapahapa Kentucky, mtoto wa tajiri mwenye watumwa wengi, ambaye mwaka 1844 aliwaacha huru watumwa wake na akatumia maisha yake kuupinga utumwa hadharani, kwa gazeti na kwa kisu pale ilipobidi. Familia za watu weusi ziliwapa watoto wao jina lake kwa heshima. Yaani jina ambalo Ali aliliona la utumwa, wazee wake walilichagua kwa sababu ya mtu aliyepigana na utumwa.

Nani alikuwa na haki?

Nilimpelekea baba swali hilo kama mtu anayepeleka kesi barazani. Alifikiri muda mrefu.

"Wote," akasema. "Ila jina ni la anayeitwa. Akilikataa, limekwisha."

Mwaka 1978 jiji liliipa Walnut Street jina la Muhammad Ali. Watu weusi walikuwa na maduka, vilabu na ofisi zao kwenye mtaa ule, na sehemu kubwa ilikuwa imeshabomolewa katika miaka ya 60 kwa jina la kuboresha mji. Kibao kipya kikasimama penye viwanja vitupu, na hilo bado linaniuma. Mwaka 2019 uwanja wa ndege nao ukapewa jina lake, ingawa lebo za mizigo bado zinaandikwa SDF, herufi za jina la kale, Standiford Field. Alipofariki Juni 2016 alizikwa makaburi ya Cave Hill, ambako amelazwa pia George Rogers Clark. Aliyepiga kambi kisiwani na aliyekataa jina lake wamelala ndani ya ukuta mmoja.

## Mkono wa mfalme

Siku moja ya mapumziko nilimpeleka baba katikati ya mji, mbele ya jengo la Metro Hall. Nilitaka kumwonyesha mahali ambapo sanamu ya Louis ilisimama.

Ilichongwa Ufaransa mwaka 1829, kisha mapinduzi ya 1830 yakaifanya isitakiwe, ikafichwa miaka na miaka. Mji wa Montpellier uliitoa zawadi kwa Louisville katika miaka ya 60. Mfalme wa marumaru, joho refu, mkono mmoja umenyooshwa. Mei 2020, watu walipojaa barabarani kwa ajili ya Breonna Taylor, aliyeuawa na polisi nyumbani kwake hapa mjini mwezi Machi, ule mkono ulivunjwa. Septemba sanamu ikaondolewa.

Mimi nilikuwapo barabarani siku zile. Sikumwona Louis. Hata jina lake hatukulitaja, tulikuwa tunalitaja la Breonna.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Belvedere, juu ya mto, kwenye sanamu nyingine. Ni York. Baba yake pia aliitwa York, na wote hawakuwa na jina la pili. Alikuwa mtumwa wa William Clark, mdogo wake George. Mwaka 1803 alitoka hapa kwenye maporomoko na msafara wa Lewis na Clark, akavuka bara hadi Bahari ya Pasifiki, akarudi. Aliporudi aliomba akae karibu na mkewe, aliyekuwa mtumwa wa watu wengine huku Louisville. Clark alimkatalia, wala hakumwacha huru kwa miaka mingi, na barua za Clark mwenyewe zinasema alimpiga. Sanamu ya York iliwekwa 2003, miaka 200 baada ya safari.

Baba alimzunguka York mara mbili. Akagusa kiatu.

"Hata mwenye jina moja wamemkumbuka," akasema.

"Baada ya miaka 200, Papa."

"Nimesikia."

## Darajani

Jioni tukapanda Big Four, daraja la zamani la treni ambalo sasa ni la waenda kwa miguu. Chini yetu maji ya Ohio yalikuwa ya kahawia, mazito. Zamani upande mmoja mtu alikuwa mali, upande wa pili alikuwa mtu, na kutoka gati za Louisville walioshindwa kuvuka waliteremshwa na mto kwenda kuuzwa kusini. Hayo nilimweleza baba tukiwa katikati ya daraja, Kentucky nyuma yetu, Indiana mbele.

Nikamuuliza kile nilichokuwa nakizunguka wiki zote zile. Bibi, mama yake, aliuita mji wao nani? Albertville au Kalemie?

Baba akacheka kidogo. "Mama? Hakuna siku nilimsikia akitaja lolote kati ya hayo. Alikuwa anasema, naenda mjini."

Tulisimama pale. Mtoto wa baiskeli akatupita.

"Na wewe hapa unapaitaje?" nikamuuliza.

"Ukinishusha kanisani, nasema kanisani. Ukinipeleka sokoni, nasema kwa Wasomali. Ile barabara ndefu, nasema kwa Ali."

Usiku ule nilijua kwamba sitaki Louis ang'olewe. Nilikuwa nimeitaka hiyo kwa wiki tatu, kwa moyo wote. Lakini nikifikiria Louisville ikipewa jina jipya safi kesho asubuhi, namwona mtoto wangu akikua bila kuwa na sababu ya kuuliza Louis alikuwa nani, na bila swali hilo hafiki kwa Connolly, hafiki kwa Washawnee, hafiki kisiwani. Wapo wenzangu hapa wasiokubaliana nami. Wanasema ni rahisi kusema hivyo kwa mfalme asiyefika, na kwamba kama mji ungeitwa kwa aliyemuuza bibi yangu, nisingesema. Ni kweli. Nisingesema. Albertville siitaki irudi.

Basi ndipo nilipokwama, na sijatoka.

## Barua

Barua niliyoipeleka ni ya ukurasa mmoja. Hakuna majivuno ndani yake. Inasema kwamba Wabelgiji waliuita mji huo Albertville, kwa jina la Albert aliyekuja kuwa mfalme wao. Inasema jina lilibadilishwa kuwa Kalemie wakati wa utawala wa Mobutu. Inasema mwenye karatasi hizi alibatizwa Joseph na mama yake, na kwamba jina hilo liliondolewa shuleni mwaka 1972 kwa amri ya serikali. Mstari wa mwisho baba aliniamuru niuongeze: "Mji haukuhama. Uko pale pale, Mto Lukuga unapotokea ziwani."

Yule dada aliisoma yote. Mara mbili alirudi juu. Kisha akavuta kibodi.

"Nafasi ya mahali pa kuzaliwa inapokea jina moja tu," akasema. "Mwulize anataka lipi."

Nikamwuliza. Baba alikwisha kuwa na jibu.

"Aandike Kalemie. Ila hiyo barua asiitupe. Aiweke ndani ya faili."

Nikatafsiri. Yule dada akaandika Kalemie, herufi moja moja, akinitazama baada ya kila moja. Akaichukua barua, akailaza nyuma ya fomu, akaigonga stepla mara mbili.